Mikarafuu ya wakfu na asilimia ya duka la mtandaoni

Jumuiya ndogo ya Unguja au Pemba inayosomesha mayatima ikiniuliza itegemee nini, kampuni kubwa ya mtandaoni au wakfu (mali iliyotolewa daima kwa ajili ya heri), jibu langu ni wakfu, ila si wakfu uliosahauliwa.

Tazama Amazon. Kuanzia 2013 iliendesha AmazonSmile: mnunuzi huko Marekani anachagua shirika la hisani, na kampuni inalipa asilimia 0.5 ya bei ya bidhaa zinazohusika. Kitu cha dola 100, shirika linapata senti 50. Mnunuzi haongezi chochote, na hilo lilikuwa jema kwelikweli. Lakini mashirika yaliyostahiki yalipita milioni moja. Kwa maelezo ya Amazon yenyewe, wastani wa kila shirika haukufika dola 230, na Februari 2023 mpango ukafungwa. Mashirika yalikuwa yameshatumia miaka kuwahimiza wafuasi wao wanunue duka lile lile. Hili linaniuma.

Wakfu haufungwi kwa tangazo. Mtu akishaweka wakfu nyumba ya Mji Mkongwe au shamba la mikarafuu, mali haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Kodi na mazao yanakwenda alikosema yeye, hata akiwa kaburini. Msimamizi yupo: Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Udhaifu wake ni matengenezo. Kodi ikiwa ndogo mno, chokaa hubanduka, boriti huoza, wakfu unabaki jina. Anayeweka nyumba na aandike pia fungu la ukarabati.