Nimeendesha Edsel ya 1958, na honi ikanishinda

Mzee jirani yangu hapa Michigan ana Edsel Pacer ya 1958, gari la kampuni ya Ford, ile ya paa la turubai linalofunguka. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiitolea macho tu. Agosti iliyopita akanipa funguo, akakaa kiti cha abiria, akasema: "Kanyaga, ila katikati ya usukani usiguse ovyo."

Mimi udereva nimejifunzia Kariakoo. Mkono wangu huwa hautoki kwenye honi. Sasa kwenye Edsel hii, mahali pa honi pamewekwa gia: vitufe vitano vya umeme, kuanzia P ya kuegesha mpaka L ya mwendo mdogo, mfumo walioupa jina la Teletouch. Honi yenyewe ni ule mduara wa chuma unaozunguka vitufe hivyo. Hatujamaliza dakika kumi kwenye barabara ya Woodward Avenue, gari jingine likanichomekea. Mkono ukaenda wenyewe. Injini ikanguruma bure na gari likaanza kuserereka bila nguvu: nimeshatoa gia. Mzee hata hakugeuka. Alinyoosha kidole, akabonyeza D, gia ya kwenda mbele, akaendelea na hadithi yake.

Ukishazoea hilo, gari ni tamu. Injini ni V8, yaani ya silinda nane, ya lita 5.9, nguvu za farasi 303 kwa hesabu za enzi zile, na ukikanyaga mafuta unasikia mgongo unazama kwenye kiti. Kiti cha mbele ni kimoja kirefu, watu watatu wanaenea bila kusukumana. Spidomita ni kidude cha mviringo kinachozunguka, na ukivuka mwendo uliojipangia kinawaka taa nyekundu. Breki ni za ngoma magurudumu yote, kwa hiyo anza kusimama mapema. Mafuta? Tusiyazungumzie.

Sura ndiyo iliyoiponza. Lile duara refu lililosimama katikati ya shoo ya mbele liliwachekesha Wamarekani, wakasema ni Oldsmobile, gari la kampuni pinzani, inayofyonza ndimu. Mimi nalipenda, na sioni aibu kusema.

Ila ngoma ikilia sana hupasuka. Ford waliipigia debe kama gari ambalo dunia haijapata kuliona, wakaliita kwa jina la Edsel, mtoto wa Henry Ford aliyeanzisha kampuni hiyo, wakalizindua tarehe 4 Septemba 1957, uchumi wa Marekani ukiwa unaanza kuyumba. Watu walijaa kwenye maduka ya magari, wakatazama, wakarudi nyumbani kwao. Tarehe 19 Novemba 1959 ikatangazwa kwamba basi, haitengenezwi tena. Pacer za wazi kama hii zilitoka 1,876 tu, ndiyo maana leo zinasakwa na wenye pesa.

Ningeinunua? Kwa Jumapili za kiangazi, ndiyo, kama fundi wa nyaya za zamani anaishi karibu. Kwa kwenda kazini, hapana.

Tulipokuwa tunarudi, kijana mmoja kwenye pikapu akatupigia honi ya salamu. Nikaushika usukani kwa mikono miwili, pembeni kabisa, nikamwitikia kwa kichwa.