Chakula cha punda wa mkokoteni kisichompandisha mori: ununue kipi hapa Dodoma

Niliwahi kuwa na dume wa mkokoteni mpole hadi watoto wa jirani walikuwa wanamvuta masikio. Kiangazi kilipokaza nikamwonea huruma, nikaanza kumpa mahindi asubuhi na jioni ili apate nguvu. Nguvu akazipata kweli. Wiki ya pili upepo ulipeperusha kiroba kitupu mbele yake, akakurupuka na madumu yote ya maji yakamwagika barabarani. Nilipoacha mahindi, haikuchukua siku nyingi akatulia.

Tatizo ni kwamba tunamlisha punda kama ng'ombe. Punda hacheui, na farasi vilevile. Tumbo lake ni dogo, na kazi ya kumeng'enya majani inafanyika nyuma, kwenye utumbo mpana. Mahindi ni wanga kwa karibu asilimia 70. Ukimpa mengi kwa mkupuo, sukari inapanda ghafla kwenye damu, naye anapata nguvu asizo na pa kuzitumia. Wanga unaobaki unachacha huko nyuma, na hapo ndipo msokoto wa tumbo na maumivu ya kwato yanapoanzia. Kwa hiyo ukifika kwa muuzaji usiulize kipi kinashibisha. Jiulize kipi kina nyuzi nyingi na wanga kidogo.

Kabla hujalaumu chakula, mkague kwanza mabegani na mgongoni. Punda mwenye kidonda cha kamba naye anapiga mateke.

Namba moja: majani makavu, yaani hei. Sioni cha kuyashinda. Punda wa kilo 150 anahitaji kilo 2 hadi 3 tu kwa siku, ndiyo maana robota moja linakaa naye siku kadhaa. Nunua mapema mvua zikishaisha, Mei au Juni. Ukisubiri Oktoba utapata yaliyobaki, kwa bei ya mwenye shida. Chana robota katikati kabla ya kulipa: ndani yawe na rangi ya kijani iliyofifia na harufu nzuri. Ukiona weusi, au vumbi jeupe likikupaliza, ondoka. Lipa kwa kilo ukiweza, maana marobota hayalingani.

Kuna jambo moja watu hawaambiwi. Hei nyingi za upande wa Kongwa ni za nyasi za Cenchrus, ambazo zinastahimili sana ukame wetu. Ni nzuri, ila zina oksaleti inayozuia mwili kufaidi kalisi, yaani madini ya mifupa. Farasi akila hizo peke yake kwa miezi mingi, mifupa inadhoofika na uso kuvimba. Dawa yake ni kuzichanganya na kitu chenye kalisi, na hicho kipo namba mbili.

Namba mbili: majani ya karanga pamoja na mabua ya uwele au mtama. Kwa mwenye mfuko mwepesi hiki ndicho chakula chenyewe. Majani ya karanga yana protini na kalisi, mabua yanampa kitu cha kutafuna kutwa nzima, na punda anayetafuna hana muda wa kutafuta ugomvi. Kung'uta udongo kwanza, kwa sababu karanga hung'olewa na mizizi yake na mchanga ukijaa tumboni ni balaa. Mabua ya mtama yawe makavu kabisa. Machipukizi mabichi yanayoota baada ya mavuno yana sumu, usimfunge karibu nayo.

Namba tatu: mashudu ya alizeti. Haya nayaweka kama nyongeza, si mlo. Viwanda vya kukamua vimejaa hapa na Singida, kwa hiyo ni rahisi kupata mashudu mapya. Uzuri wake ni kwamba nguvu inatoka kwenye mafuta yaliyobaki na nyuzi za maganda, si kwenye wanga, hivyo punda ananenepa bila kupandwa na mori. Nusu kilo kwa siku inamtosha anayefanya kazi nzito. Yanuse: yakinuka kama mafuta ya chipsi ya juzi, yameshachacha.

Namba nne: pumba za mahindi. Wengi wetu tunaanzia hapa kwa sababu mashine iko mtaani. Pumba bado zimebeba unga mwingi, na zikilowa kidogo tu zinaota ukungu. Dodoma tunaijua sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, iliua watu mwaka 2016. Kwa punda na farasi kuna ukungu mwingine wa mahindi ambao sumu yake inaharibu ubongo: mnyama anayumba, anasukuma kichwa ukutani, anakuwa kama kichaa, kisha anakufa. Ukilazimika kuzitumia, chukua konzi moja ya kuchanganyia mabua, na zisiwe na mabonge.

Namba tano: mahindi yenyewe. Kula wewe.

Usinunue kabisa chakula cha kuku, hata kiwe cha bei ya kutupa. Baadhi huwekwa monensini, dawa ya kuzuia ugonjwa wa kuhara damu kwa kuku, na kiasi kidogo tu kinaua farasi au punda. Vyakula vya ng'ombe wakati mwingine vinayo pia, kwa hiyo soma karatasi ya mfuko.

Wenye farasi mfuate mpangilio huohuo, ila farasi wa kilo 400 anataka kilo 6 hadi 8 za hei. Kama unampa nafaka, siku ya mapumziko ipunguze nusu au uiache. Farasi aliyeshiba nafaka Jumapili nzima akiwa amesimama, Jumatatu misuli inakakamaa na mkojo unakuwa kama kahawa.

Chochote utakachochagua, kiingize kidogo kidogo kwa siku 10 hadi 14 ukipunguza cha zamani, na jiwe la chumvi na maji viwe karibu naye.