Treni ya Miwa ya Saint Kitts: Safari Inayostahili Nauli Yake

Abiria anayepanda treni ya kitalii ya Saint Kitts, kisiwa cha Karibi, katika stesheni ya Needsmust, karibu na uwanja wa ndege wa mji mkuu Basseterre, anasafiri juu ya njia ambayo haikujengwa kwa ajili ya watu. Reli hiyo ilianza kutandikwa mwaka 1912, mwaka uleule kilipofunguliwa kiwanda kikuu cha sukari, na kufikia mwaka 1926 ilikuwa imekizunguka kisiwa. Kabla ya hapo kila shamba kubwa lilikuwa na kinu chake, kikiendeshwa kwa upepo, kwa wanyama au kwa mvuke. Kwa kuwa muwa ukishakatwa huanza kupoteza sukari yake upesi, kiwanda kimoja kisingeweza kusaga mavuno ya kisiwa kizima bila chombo cha kuyafikisha kwa haraka, na kazi hiyo ndiyo iliyopewa treni.

Safari ya leo huchukua takriban saa tatu, kilomita 29 kwa treni na nyingine 19 hivi kwa basi, ili kuukamilisha mzunguko. Mabehewa ni ya ghorofa mbili, na kila abiria hupewa viti viwili: kimoja chini, kwenye chumba chenye kiyoyozi na madirisha makubwa, na kingine juu, penye paa lakini pasipo kuta. Mpango huu ni wa busara sana, maana jua la Karibi ni kali na mvua hunyesha bila taarifa. Hata hivyo, anayetaka kukiona kisiwa akae juu, na treni inapoelekea kaskazini achague upande wa kulia, ambako Bahari ya Atlantiki haiondoki machoni kwa muda mrefu. Upande wa kushoto unapanda mlima Liamuiga, volkano yenye urefu wa meta 1,156, ambayo kilele chake mara nyingi hufunikwa na mawingu. Vinywaji vimo ndani ya nauli, na kikundi kidogo cha waimbaji hupita behewa kwa behewa wakiimba bila ala. Hayo yanapendeza, ingawa si sababu ya kupanda.

Sababu ni reli yenyewe. Upana wake ni milimita 762, karibu nusu ya reli ya kawaida ya milimita 1,435, kwa hiyo iliweza kukata kona kali na kupita kandokando ya mashamba kwa gharama nafuu. Kila inapokutana na korongo linaloteremka kutoka mlimani huvuka kwa daraja jembamba la chuma, na mwendo ni wa taratibu kiasi kwamba abiria anaweza kutazama chini na kuliona korongo lote mpaka linapoingia baharini. Kati ya daraja na daraja hujitokeza mabaki ya vinu vya upepo na dohani za mawe. Majengo hayo yasitazamwe kama mapambo ya mandhari. Waafrika waliotekwa na kuvushwa bahari walifanyishwa kazi mashambani humo mpaka utumwa ulipofutwa katika makoloni ya Uingereza mwaka 1834, na wajukuu wao ndio waliokata miwa iliyobebwa na reli hii.

Treni ya watalii ilianza mwaka 2003, sukari ikiwa bado inazalishwa, hata ikatumia njia moja na treni za miwa. Mwaka 2005 serikali iliifunga sekta ya sukari kwa sababu ya hasara za muda mrefu, na tangu hapo nauli za wageni ndizo zinazoifanya reli iendelee kutunzwa. Kwa maoni yangu hilo peke yake linahalalisha bei, ambayo si ndogo. Kinachosikitisha ni kwamba ratiba hufuata zaidi meli za kitalii zinazotia nanga Basseterre, na mkazi anayekwenda kazini au sokoni bado hutegemea daladala za barabarani.

Mgeni aliyefikia hotelini aulize mapema ni siku zipi treni inatembea, na ngome ya Brimstone Hill, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1999, aitengee siku yake.