Matembezi ya Ujiji: Nusu Siku kwa Ajili ya Swali Moja

Huduma ninayoitathmini ni matembezi ya nusu siku yanayotolewa na kikundi cha vijana waongozaji wa mjini Kigoma, ambao humpeleka mgeni kwenye eneo la kumbukumbu ya David Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti wa karne ya 19, huko Ujiji. Kwa kweli kinachouzwa ni sentensi moja ya Kiingereza, "Dr. Livingstone, I presume?", yaani "Bila shaka wewe ndiwe Dakta Livingstone?", ambayo mwandishi wa habari Stanley anasemekana kumwuliza Livingstone walipokutana hapo, na thamani ya fedha yako inategemea jinsi inavyoelezwa.

Eneo lenyewe huzungukwa haraka. Kuna mnara wa mawe, miembe inayoelezwa kuwa imetokana na mwembe wa awali ambao inasemekana walikutana chini yake, na sanamu za wazungu wawili wakisalimiana. Asiyekuwa na mtu wa kumsimulia atapiga picha na kuondoka.

Mwongozaji wetu alifanya jambo la busara kwa kutoanza na Stanley. Alianza na hali ya Livingstone, aliyerejea Ujiji kutoka Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo, mnamo Oktoba 1871 akiwa amedhoofu, akakuta bidhaa alizotumiwa zimekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuzitunza. Siku chache baadaye aliwasili Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, ambaye msafara wake ulikuwa umeanzia Bagamoyo mapema mwaka huohuo. Wa kwanza kumwamkia kwa Kiingereza alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, na wanafunzi tuliokuwa nao walilifurahia jambo hilo kuliko mengine yote. Stanley mwenyewe aliandika kwamba alitamani kumkimbilia mzee yule na kumkumbatia, ila alisita mbele ya umati na hakujua kama mwenzake angelipenda. Basi akatembea taratibu, akavua kofia na kuuliza lile swali.

Kichekesho kiko hapo. Livingstone alikuwa mzungu pekee aliyekaa Ujiji, kila aliyesimama pale alimfahamu, lakini mgeni aliuliza kwa adabu kama aliyekaribishwa chai sebuleni London. Ndiyo sababu wasemaji wa Kiingereza hadi leo hulitumia swali hilo kwa mzaha, mara nyingi wakibadili jina, wanapomfikia mtu waliyemtafuta kwa muda na ambaye hakuna shaka ni nani. Mwongozaji alitoa mfano wa mwalimu anayemkuta mwanafunzi mtoro kwenye mwalo wa Kibirizi, na kwa mfano huo mmoja somo lilieleweka.

Kasoro yao ni kwamba wanasimulia kama watu waliokuwepo. Maneno hayo yalisambaa magazetini mwaka 1872, lakini kurasa za shajara ya Stanley zinazohusu mkutano huo zilichanwa, na Livingstone hakuyataja katika maandishi yake, hivyo wapo wanahistoria wanaoamini kwamba Stanley aliyatunga baadaye. Mwalimu mmoja alipouliza juu ya shaka hiyo, alijibiwa kwa kicheko: "Mwalimu, mbona unataka kutuharibia biashara?" Sioni biashara ingeharibika vipi, kwa maana mwandishi wa habari anayejitungia salamu ya kihistoria anavutia kuliko yule aliyeshikwa na haya tu. Vilevile tuliambiwa kwamba Stanley alizaliwa Marekani, ilhali alizaliwa Wales mwaka 1841 kwa jina la John Rowlands.

Pamoja na hayo, ningewashauri walimu wa Kiingereza wa sekondari wawapeleke wanafunzi wao, hasa asubuhi kabla ya jua kali, na wamwombe mwongozaji asiharakishe sehemu ya Susi. Bei tuliyopatana ilijumuisha usafiri wa bajaji kwenda na kurudi lakini haikujumuisha kiingilio, kwa hiyo ulizeni mapema ili msije mkachangishana mlangoni.