Uzoefu wangu: mwisho wa juma wa historia hai katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo

Mtu akisikia kuwa Bagamoyo kuna shughuli ya utamaduni, hufikiria kwanza tamasha la sanaa linaloandaliwa na chuo cha sanaa cha mji huo, TaSUBa, ambalo limekuwapo tangu mwaka 1982 na ambalo hujaza mji. Ninayoieleza hapa ni shughuli nyingine, ndogo na isiyo na jukwaa kubwa: ziara ya Jumamosi na Jumapili inayoendeshwa na kikundi cha wakazi wa Mji Mkongwe, ambamo wavuvi, mafundi wa mashua, wapishi na wazee wa mitaa huwaonyesha wageni kazi na maisha ya mji wao, ya zamani na ya leo. Nililipa shilingi 40,000 kwa siku zote mbili, chakula cha mchana kikiwemo na malazi yakiwa juu yangu. Naandika kwa urefu kwa sababu yaliyo mazuri katika ziara hii ni mazuri kwelikweli, na mengi ya yaliyo mabaya yanaweza kurekebishwa bila kutumia hata senti moja.

Kujiandikisha hakuna taabu. Unapiga simu, unatuma malipo ya awali kwa njia ya simu, nawe unatumiwa ujumbe wenye saa na mahali pa kukutana. Walichosahau kutaja katika ujumbe huo ni kwamba viingilio vya makumbusho na magofu havimo katika bei, jambo lililozua minong'ono mlangoni, hasa kwa wazazi waliokuja na watoto.

Asubuhi ya Jumamosi ni ya kutembea mitaani. Tulianzia Ngome Kongwe, jengo la mwaka 1860 ambalo lilianza kama nyumba ya tajiri wa Kiarabu, likawa ngome ya askari wa Kijerumani, kisha gereza, kisha kituo cha polisi. Kutoka hapo tulipita mbele ya Boma, lililojengwa mwaka 1897, yaani miaka sita baada ya Wajerumani kuhamishia makao makuu ya koloni lao Dar es Salaam. Kijana aliyetuongoza alikuwa na ulimi mwepesi na kumbukumbu nzuri, lakini alitumwagia miaka na majina kwa kasi ambayo hata mwalimu wa historia tuliyekuwa naye aliacha kuandika. Sehemu hii ingeweza kupunguzwa nusu na hakuna ambaye angelalamika.

Iliyoiokoa asubuhi hiyo ni baraza la nyumba moja ya mawe katika mtaa ule wenye milango ya nakshi. Bibi mwenye nyumba alipokea shikamoo zetu, akatukaribisha tukae, akatuonya tusiukanyage mkeka aliokuwa ameanikia mihogo, kisha akaanza kueleza namna nyumba yake inavyotunzwa. Kuta zake ni za matumbawe na chokaa, na dari imebebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba ni vyembamba: upana wa chumba hufuata urefu wa boriti. Alitupeleka upande wa nyuma akatuonyesha mahali ambapo fundi mmoja aliziba ufa kwa saruji, na pembeni yake ukuta ulikuwa umevimba na kubanduka vipande. Chokaa, alisema, huuacha ukuta upumue, maji ya mvua yakaingia na yakatoka, ilhali saruji huyafungia ndani mpaka yale matumbawe yaoze. Kisha akapachika kidole katika ufa, akachomoa unga mweupe, akampa mtoto mmoja auonje. Ulikuwa na chumvi. Sijawahi kuelezwa uhifadhi wa majengo vizuri kuliko hivyo, na bibi huyo hakuwa hata ameandikwa katika ratiba. Ilitokea tu kwamba yupo nyumbani.

Baada ya chai ya mahamri na mbaazi za nazi tulikwenda kwenye uwanja wa jengo lililokuwa kituo cha misafara, na hapa ndipo waandaaji walipoonyesha kuwa wamefikiri. Wengi wetu tumezoea kuambiwa kuwa kila aliyetoka bara kuja Bagamoyo alikuja amefungwa mnyororo. Utumwa ulikuwepo, na ukatili wake haupunguzwi na maelezo yoyote, lakini maelfu ya watu waliopita hapa katika karne ya 19 walikuwa wapagazi wa kulipwa, wengi wao Wanyamwezi, waliopatana ujira wao, waliodai posho yao, na waliogoma au kutoroka walipodhulumiwa. Mzee aliyesimamia kipindi hiki hakuhutubia. Alikuwa amepanga mizigo chini, akatuambia kila mmoja achague wake.

Mizigo yenyewe ilikuwa imeigizwa kwa uangalifu mkubwa. Vitambaa, kama merikani na kaniki zilivyokuwa, vilikuwa vimeviringishwa kuwa bunda refu na gumu, likavikwa jamvi, kisha likafungwa kati ya vijiti vilivyotokeza kwa chini. Vijiti hivyo vilikuwa na kazi yake: mpagazi akichoka huegemeza bunda kwenye mti likiwa wima, na akitaka kuendelea huingiza bega chini yake bila kuinama wala kuomba msaada. Nyaya za shaba zilikuwa zimezungushwa na kutundikwa katika ncha mbili za mti mmoja, ubebwe kwa mtindo wa mzega. Pembe la ndovu lilichongwa kwa mbao na kuongezewa uzito, na ncha yake ilifungwa kengele ya ng'ombe, kama wabebaji wa pembe walivyofanya ili wajulikane njiani. Frasila moja ni takriban kilo 16, na mzigo wa kawaida ulikuwa karibu frasila mbili, yaani zaidi ya nusu ya mfuko wa saruji, kwa safari ya kilomita zipatazo 1,200 kati ya Ujiji na pwani.

Tulipanga mstari nyuma ya mtu mmoja aliyepewa ngoma na kilemba cha manyoya awe kirangozi wetu, tukazunguka uwanja. Mwendesha bodaboda mmoja, kijana wa miraba minne aliyekuwa amecheka sana mwanzoni, aliweka pembe lake chini kabla ya mzunguko wa pili kumalizika, na mama mmoja muuza samaki aliyezoea kubeba ndoo akampita bila kuhema. Bega langu lilifundishika haraka kuwa uzito si tatizo peke yake; tatizo ni lile bunda kukataa kutulia, na kila unapolirekebisha unapoteza hatua na aliye nyuma anakugonga. Mwishoni tulilipwa "posho" ya kitambaa kilichopimwa kwa mikono, nne kwa shuka moja na nane kwa doti, na ubishi uliozuka kuhusu nani mwenye mkono mfupi apime ulitufundisha kuhusu biashara ile kuliko maandishi yote ya ukutani.

Kwa bahati mbaya, saa moja baadaye waandaaji hao hao walitupeleka ufukweni kutazama igizo la watumwa. Vijana sita walitembezwa wakiwa na minyororo ya plastiki, mwingine akiwachapa kwa mjeledi wa kamba, huku kipaza sauti kikitoa muziki wa huzuni. Watoto walicheka, watu wazima walinyanyua simu kupiga picha, na waigizaji wenyewe walikuwa wakizuia kicheko. Siwalaumu vijana, kwani walifanya walichoambiwa. Lakini kuna mambo ambayo mwili wa mtu anayeigiza hauwezi kuyabeba, na mahali ambapo watu waliuzwa si mahali pa kupigiana makofi. Nilimweleza msimamizi kuwa igizo hilo liondolewe kabisa, naye akajibu kwa adabu kwamba wageni wengi huliulizia. Huenda ni kweli, ila mgeni kuulizia kitu si sababu ya mwenyeji kukipakua.

Jioni ilikuwa ya ngoma. Mdundiko wa Wazaramo ni ngoma ya kutembea: wapigaji huenda mtaani, watu hutoka majumbani kuifuata, na kabla haijafika mwisho wa barabara imekwisha kuwa umati. Kuipangia viti vya plastiki mistari minne na kuitaka isimame mbele ya wageni ni kuikata miguu, na kwa robo saa ya kwanza ndivyo ilivyokuwa. Baadaye ngozi zililegea kwa unyevu wa bahari, wapigaji wakawasha makuti wazikaushe motoni, na walipomaliza, badala ya kurudi mbele ya viti, walishika njia kuelekea ndani ya mji. Hakuna aliyetangaza chochote. Watoto walitangulia, kina mama wakajifunga kanga vizuri kiunoni, na sisi wenye viti tukaviacha. Nashuku kuwa wapigaji hao hufanya hivyo kila mara, na kama ndivyo, basi viti visipangwe kabisa.

Jumapili ilianza katika eneo la misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, waliofika hapa mwaka 1868 na kuanzisha kijiji cha watu waliokombolewa kutoka utumwani. Kiongozi wa hapa alikuwa mwingine, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, na alichokifanya chumbani mwa makumbusho ndicho nilichokuwa nikikitamani ufukweni: alisimama mbele ya vielelezo vya biashara ya watumwa, akaeleza kwa maneno machache vilitumikaje, akanyamaza. Watoto wale wale waliocheka jana yake hawakucheka. Kisha akatupeleka kwenye kanisa dogo la mwaka 1872, ambalo wengi hulijua kwa jina la David Livingstone, na akalieleza kupitia wapagazi. Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliukausha mwili wake, wakaubeba kwa miezi mingi hadi pwani, na ukalazwa hapa tarehe 24 Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar na hatimaye kuzikwa Westminster Abbey, London. Kwa kuwa mabega yetu yalikuwa bado yanauma, hatukuhitaji kuelezwa zaidi maana ya kuubeba.

Kwa mafundi wa mashua tulikaa muda mfupi kuliko ilivyostahili. Chombo kilikuwa kimesimama mchangani, mkuku na mataruma yake, yaani uti na mbavu zake, yakionekana upande mmoja, na fundi alikuwa akitoboa ubao kwa keke ya uta huku msaidizi wake akitia kalafati, akisukuma nyuzi za pamba zilizolowekwa mafuta katika kila mwanya. Fundi hakuwa na hotuba, na hilo lilimfaa. Ukimwuliza kwa nini ubao ule umepinda vile, anakushika mkono na kukupitisha juu yake mpaka uuhisi mpindo wenyewe. Aliniruhusu nijaribu tezo, shoka la kuchongea, kwenye kipande cha kutupa, akatazama nilichofanya, akasema, "Pole pole, mwanangu, hiki si kuni." Tulipoanza kuzoea, tukaambiwa muda umekwisha na gari la Kaole linasubiri. Gari hilo lilichelewa kuondoka kwa dakika arobaini, dakika ambazo tungezitumia pale pale kwa fundi.

Kaole iko kilomita zipatazo tano kusini mwa mji. Magofu ya msikiti wake wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo yanajieleza, na waandaaji walikuwa na busara ya kutoandaa onyesho lolote hapo. Ubani uliachwa juu ya kaburi moja ambalo watu huja kuliombea dua, na mlinzi alituomba tupite upande wa pili kwa sababu kulikuwa na familia iliyokuja na shughuli yake. Tulipita upande wa pili.

Chakula cha mchana cha siku zote mbili kilipikwa na kina mama wa mtaani, wali wa nazi na samaki wa kupaka siku ya kwanza, mchuzi wa pweza siku ya pili, na ingawa kilichelewa mara zote, hakuna aliyebakisha. Vyoo ndivyo vilivyonikera zaidi: kwa watu karibu thelathini kulikuwa na kimoja tu cha uhakika, na mwenye ulemavu wa miguu asingeweza kukifikia wala kufuata sehemu kubwa ya ziara. Nilipenda, hata hivyo, kuona karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa ofisi yao ikionyesha kila mshiriki, kuanzia mpiga ngoma hadi mpishi, analipwa kiasi gani kutokana na ada zetu. Jina la bibi wa barazani halikuwemo. Niliuliza, nikaambiwa ataongezwa.

Mwenye nafasi ya siku moja tu achukue Jumamosi, aingie kwenye kipindi cha wapagazi, alikwepe igizo la ufukweni kwa kwenda kula urojo au kupumzika kivulini, kisha arudi kwa mdundiko. Mwenye kupenda ufundi achukue Jumapili na apatane mapema na waandaaji wamwache kwa mafundi wa mashua wakati wengine wakienda Kaole. Avae viatu vya kufunga, abebe maji yake na noti ndogo ndogo kwa ajili ya viingilio, na kama anarudi Dar es Salaam kwa daladala Jumapili jioni, awe stendi kabla jua halijazama, kwa sababu baada ya hapo magari yaendayo stendi ya Makumbusho hugombewa na anayechelewa husimama hadi Bunju.