Riwaya ya treni isiyo na mwisho

Nina hasira, acheni niseme. Juzijuzi nilinunua riwaya ya upelelezi kwa muuzaji mmoja wa vitabu vya mtumba hapa Dar, hawa wanaotuma kwa bodaboda. Kikafika kimefungwa nailoni, jalada linang'aa, treni ya moshi inavuka daraja usiku. Elfu kumi na tano, na nilishalipa kwa simu kabla hakijatoka kwake.

Nilikisoma siku tatu. Usiku wa tatu mpelelezi yumo chumbani kwa mkuu wa stesheni, mlango umefungwa, anataka kumtaja aliyewapa wezi funguo. Nageuza ukurasa, nakutana na jalada la nyuma! Namba ya mwisho ni 304. Uzi wa mshono unaning'inia, kipande kizima kimenyofoka. Aliyekifunga nailoni hakuona?

Asubuhi nikampigia. "Dada, mtumba hauna garantii." Nikamwambia, kaka, hili si shati lililopungua kifungo, hii ni riwaya ya upelelezi. Akanijibu, "Si umesoma karibu yote? Hizo zilizobaki kisia tu." Akakata simu.

Kisia tu! Mtu anayesema hivyo hajui anauza nini.

Riwaya hizi za Uingereza ya miaka ya 1850 nazipenda kwa sababu reli ilikuwa ngeni na uhalifu ukaipanda kabla ya polisi kuizoea. Behewa la abiria lilikatwa vyumba vidogo, kila kimoja na mlango wake wa nje, bila korido. Treni ikiondoka, umefungiwa na usiyemjua mpaka stesheni inayofuata. Na si hofu ya kutunga. Mwaka 1864 mfanyakazi wa benki, Thomas Briggs, alipigwa ndani ya chumba kama hicho London, akatupwa relini, akafa kesho yake. Muuaji aliponzwa na kofia: aliondoka na ya Briggs, akaacha yake. Akakimbilia Marekani kwa meli ya matanga. Polisi wakapanda meli ya mvuke, wakatangulia New York, wakamngoja. Mwandishi akipewa mambo kama haya atunge nini zaidi?

Hiki changu kimejengwa juu ya wizi wa kweli wa Mei 1855. Dhahabu ilipakiwa treni ya usiku kutoka London hadi Folkestone, ivushwe bahari kwenda Ufaransa. Wezi walikuwa wamechonga funguo kwa alama za nta. Wakatoa dhahabu, wakajaza risasi ndogondogo za bunduki kufidia uzito. Masanduku yakafika Paris yamefungwa vizuri, kufungua ni risasi. Sasa mimi na nailoni yangu tuna tofauti gani na wale wa Paris?

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Wizi ule haukufumuliwa kwa akili ya mpelelezi. Mmoja wa wezi, Edward Agar, alifungwa kwa kosa jingine, akaacha fedha za kumtunza Fanny Kay, mama wa mtoto wake. Mwenzake, William Pierce, akazidhulumu. Yule mama akaenda akasema. Katika riwaya yangu yupo mwanamke kama huyo, kapewa jina jingine. Ukurasa wa 298 anaingia stesheni, mtoto kambeba, shali imelowa mvua, karani anamwambia akae benchi asubiri. Mpaka 304 bado yuko pale benchi! Mwandishi atamwita ndani, au sifa zote atapewa bwana mpelelezi? Hilo nalikisiaje?

Nilikusudia kumpa muuzaji nyota moja. Lakini nimezunguka maduka ya mjini, ni vitabu vya shule na vya kutajirika tu. Riwaya hizi nimezipata kwake peke yake, na zile mbili za mwanzo zilikuwa nzima, safi kabisa. Basi nyota tatu. Ila nikikumbuka ile simu... hapana, mbili. Kitabu chenyewe, hata kilivyokatika, nyota nne, na sitamnyima mtu kumwazima.

Kaniambia juzi kwa ujumbe atanipunguzia bei kinachofuata. Sitaki punguzo, wala sitaki anisimulie. Nataka ukurasa wa 305, nimsome yule mama akiongea.