Fomu ya IAPCC-R kwa manesi: nzuri lakini peke yake haitoshi

Kwa wale wanaulizia hii fomu, sisi tulijaza kwenye semina ya manesi hapa Kisumu, ya kujipima kama unajua kuhudumia watu wa mila tofauti. Ni ya Josepha Campinha-Bacote, nesi msomi wa Marekani. Maswali ni 25, kila moja lina majibu manne unachagua, jumla unapata kati ya 25 na 100, ukifika 75 unahesabiwa umeiva na kuanzia 91 wewe ndio fundi kabisa. Haichukui muda.

Kitu nimependa sana, haiishii kwa unajua nini, inauliza pia kama unataka kwa roho yako, maana kuna mtu anajua mila zote na hajali, na huyo ndiye anaumiza wagonjwa.

Sasa shida. Unajipima mwenyewe, nani ataandika hajali na fomu inarudi kwa mkubwa wake? Na hata ukijaza kwa ukweli bado. Kuna zamu moja mama mzee Mjaluo alikuwa amelazwa, mume wa binti yake akaja kumuona akasimama tu hapo mlangoni, nesi ana haraka akamwita "kijana, kuja ushike mama tumgeuze" na shuka ishafunuliwa, yule mama akajifunika uso na leso, kijana akageuka akaenda na hakurudi, mama naye akakataa chakula mpaka jioni. Kwa Wajaluo, na Waluhya pia, mkwe na mama mkwe wanaheshimiana sana, kumwona hivyo ni mwiko. Ilitaka tu kuvuta pazia na kuuliza "wewe ni nani wake?" Na huyo nesi ni mchapakazi anapenda wagonjwa kweli, kwa hiyo fomu atapita vizuri tu, kwa sababu hakuna swali linamgusa hapo. Vilevile mama Mnubi, Mwislamu wa Kibos hapa Kisumu, akitaka apimwe na nesi mwanamke, ni yeye anajua kama alisikizwa, sio sisi.

Naipa 3 kwa 5. Itumieni kabla na baada ya mafunzo, bila majina, halafu wagonjwa wenyewe waulizwe, kwa Kijaluo ama Kiswahili, na sista mwenye uzoefu aangalie kazi wodini. Na msitoe fotokopi ovyo, fomu ina mwenyewe, mnaomba ruhusa na kulipia.